Vampire Empire ya Big Thief: uzoefu wangu wa kuinunua, kuisikiliza na kuipambanisha na ile ya jukwaani

Natanguliza hukumu, maana wengi husoma mwanzo tu. Singo hii ni nzuri, faili lake la FLAC (aina ya faili isiyopoteza ubora) linafaa kununuliwa bila kusita, na santuri yake ya inchi 7 ni ya mtu ambaye tayari ana mashine ya santuri ya kueleweka; asiye nayo asianzie hapa. Kelele zilizopigwa na mashabiki ilipotoka zilikuwa na mambo 3 ndani yake. Moja lina haki, la pili linapimika na kila mtu alipime mwenyewe, la tatu ni habari ya vifaa vya kusikilizia na bendi haihusiki nalo sana.

Kwa asiyeifahamu bendi: Big Thief wanatokea Brooklyn, New York. Wakati wa singo hii walikuwa 4. Adrianne Lenker anaimba, anapiga gitaa na ndiye mtunzi. Buck Meek yuko gitaa la pili. Max Oleartchik alishika besi. James Krivchenia dramu. Oleartchik aliondoka mwaka 2024, kwa hiyo hii ni miongoni mwa rekodi za mwishomwisho za studio zenye besi yake, na kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kuwa nayo.

Mapema mwaka 2023 waliupiga wimbo kwenye kipindi cha televisheni cha Stephen Colbert, wakati bado haujatoka kokote. Vipande vya video vikasambaa TikTok, watu wakaukariri. Julai 2023 kampuni yao ya rekodi, 4AD, ikatoa toleo la studio, na sehemu kubwa ya mashabiki ikaja juu: wimbo "umeharibiwa". Wapenzi wa muziki wa dansi hawahitaji kuelezwa sana hapa. Wimbo uliozoeleka ukumbini, wenye chemko isiyotaka kuisha, ulipofika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ulitoka mfupi na umetulia, na wapo waliokwenda kaburini wakishikilia kwamba ule wa ukumbini ndio wenyewe.

Lakini kwa Big Thief mshangao ulikuwa mkubwa kuliko ilivyostahili. Hawa si watu wa kuugandisha wimbo. Albamu yao ya mwaka 2022 ina nyimbo 20 zilizorekodiwa sehemu 4 tofauti za Marekani, kuanzia jimbo la New York mpaka Arizona, kila sehemu na mhandisi wake wa sauti. Mara nyingi hupiga pamoja chumba kimoja, maikrofoni ya mmoja ikinasa vyombo vya mwenzake. Ukirekodi namna hiyo huwezi kurudi baadaye ukabadilisha sauti ya mwimbaji tu, kwa sababu dramu zimo ndani ya maikrofoni yake. Unachagua mapigo ya siku hiyo, yalivyo, au unapiga upya wimbo mzima.

Sasa malalamiko yenyewe.

La kwanza ni maneno. Baadhi ya mistari iliyoimbwa kwenye televisheni haimo kwenye singo. Hapa nipo upande wa mashabiki. Mashairi ya wimbo huu yanakwenda kwa vina vya mfululizo, kina kimoja kikiita kingine kwa kasi, na raha yake yote iko kwenye kutopumua. Ukitoa mstari mmoja wenye kina, mnyororo unakatika, na sikio lililokwisha kuzoea linajikwaa palepale kila mara. Anayeusikia wimbo kwa mara ya kwanza kupitia singo hasikii pengo lolote. Tahadhari kwa wanaotaka kuupiga na kuuimba: tovuti za maneno ya nyimbo huwa na tabia ya kuchanganya toleo la jukwaani na la studio katika ukurasa mmoja. Andika mwenyewe kwa kusikiliza faili ulilonunua, ubeti kwa ubeti, kisha ndipo ulinganishe.

La pili ni mwendo. Wengi walisema studio inakimbia. Masikio yangu yanakubali kwamba inasukuma zaidi, ila masikio ni shahidi mbaya wa mwendo, hasa sauti ikiwa kavu na dramu zikiwa karibu. Kupima hakuhitaji mashine. Fungua saa ya simu, hesabu mapigo ambayo mguu wako unayafuata kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Pigo la kwanza liite sifuri, usiliite moja. Ukianza na moja unajiongezea mapigo 2 kwa dakika bila kujua. Anayehesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 akikosea pigo moja tayari amekosea 4 kwa dakika, na ugomvi mwingi wa mitandaoni unahusu tofauti ndogo kuliko hiyo. Pima mwanzoni mwa wimbo na tena karibu na mwisho, kwa sababu bendi inayopiga bila kufuata mlio wa kuongozea mwendo huongeza kasi inapopamba moto.

Kabla ya kupima hakikisha unachokipima. Vipande vingi vya TikTok vimeongezwa kasi na waliovipakia. Namna rahisi ya kugundua ni kushika gitaa lililotyuniwa sawasawa na kupiga pamoja: kipande kilichoongezwa kasi kwa asilimia 6 hupanda karibu nusu toni nzima, na gitaa lako halitakubaliana nacho. Programu nyingine huongeza kasi bila kupandisha sauti. Hapo tazama mdomo wa mwimbaji na mikono ya mpiga dramu, utaona inakwenda kama sinema za kale.

La tatu ndilo lililopigiwa kelele kuliko yote: kwamba singo "imepoa", ukali wa sauti ya Lenker umetoweka, hakuna moto. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, na nitakaa kidogo.

Sauti ya kipindi cha televisheni huchanganywa kwa ajili ya spika za televisheni. Hubanwa ili sauti ya chini ipande na ya juu isipasue, na sauti ya mwimbaji huwekwa mbele kabisa. Kisha inapanda YouTube, inabanwa tena kuwa faili dogo. Kisha mtu anairekodi kwa simu na kuipandisha TikTok, na simu ina mfumo wake wa kujirekebisha: kukiwa kimya inaongeza, kukiwa na kelele inakaba. Mwimbaji anapopaza sauti, kila hatua imeikaba kidogo mpaka ule mpasuko unasikika umejaa kila mahali. Huo ukali ni sehemu Lenker, sehemu mashine. Faili la studio lina nafasi kati ya sauti ndogo na kubwa, kwa hiyo likichezwa kwa kiwango kilekile cha kitufe linasikika dogo. Na sikio la binadamu, likipewa rekodi mbili, huipendelea iliyo juu kidogo hata kama tofauti ni desibeli 1, na mwenyewe asijue kwa nini.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, fanya hivi. Kwenye Spotify ingia kwenye mipangilio ya uchezaji uzime usawazishaji wa sauti; ukiwa umewashwa, kwa kawaida huvuta nyimbo zote zikaribie −14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Apple Music nayo ina wake, unaolenga −16, kwa hiyo wimbo uleule kwenye programu hizi mbili hautoki na ujazo mmoja. YouTube hushusha zilizo juu lakini haizipandishi zilizo chini, na kwenye simu ina chaguo jingine la kutuliza sauti, liko chini ya alama ya gurudumu la mipangilio ya video. Lizime pia, kwa sababu hilo linabana wimbo wenyewe. Baada ya hapo chagua sehemu moja ya sekunde 20, kiitikio kinafaa, icheze kutoka vyanzo vyote viwili na urekebishe ujazo mpaka sauti ya mwimbaji iwe sawa pande zote. Mwombe mtu mwingine awe anabadilisha bila kukuambia. Mara nyingi hapo ndipo mjadala unapopoa, kwani kinachobaki ni tofauti ya kweli ya uimbaji: kwenye televisheni anaupasua, studio anaushikilia. Mimi napenda unavyoshikiliwa, maana wimbo unahusu mapenzi yanayonyonya damu ya mtu polepole, na mayowe tangu mwanzo humaliza habari mapema. Anayependa mayowe hajakosea. Ana toleo lake, na lipo bado.

Kuna na suala la kuzoea. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu hukipenda kitu zaidi kwa kukutana nacho tena na tena, basi. Mashabiki walikuwa na miezi kadhaa na kipande cha video, kisha wakaipa singo dakika 3 na kuihukumu. Wahandisi wa sauti wanakutana na shida hiyo kila wiki: bendi huizoea rekodi ya majaribio kiasi kwamba ile ya mwisho, hata ikija imenyooka, inaonekana ina kasoro. Ushauri wangu ni kuacha video kabisa kwa wiki nzima, kisha kusikiliza singo peke yake.

Vifaa. Spika ya simu karibu haitoi kitu chini ya hezi 150 au 200. Uzi mzito wa besi unaanzia hezi 41. Unachosikia kwenye simu ni vivuli vya besi, na kwa wimbo ambao besi ndiyo inayoushika chini usiruke, umepoteza mguu mmoja wa meza. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha. Si lazima ziwe za ghali. Kama ni za Bluetooth, angalia zinatumia mfumo gani wa kusafirisha sauti. Simu na hedifoni zisipokubaliana juu ya kitu bora zaidi hurudi kwenye SBC, mfumo wa msingi wa Bluetooth, ambao unafanya kazi yake lakini matoazi huwa kama mchanga. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kutazama: fungua taarifa za simu, gusa nambari ya toleo mara 7 mpaka uambiwe umefungua mipangilio ya watengenezaji, kisha tafuta sehemu ya Bluetooth. Ukiona AAC, aptX au LDAC, chagua. Chaguo likigoma kubaki, hedifoni zako hazina mfumo huo na hakuna cha kufanya.

Bando nalo lina hesabu yake. Wimbo wa dakika 3 kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 2.9, kwa 320 ni 7.2; WAV ya ubora wa CD ni karibu 32; FLAC, ambayo haipotezi kitu, huangukia mara nyingi kati ya 18 na 23 kwa muziki wa aina hii. Maana yake ni kwamba ukitiririsha kwa ubora wa 320 mara 3 tu umeshatumia bando la kupakua FLAC yake, ambayo utaisikiliza bure milele. Kwa mtu anayerudia wimbo kama wanavyorudia mashabiki wa bendi hii, kununua faili ni nafuu hata kabla ya kuhesabu kwamba bendi inalipwa.

Mimi hununua Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ambako Big Thief wana ukurasa wao. Sababu ni 2. Kwanza mgawo: Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, inashuka hadi 10 muuzaji akishapita dola 5,000, na asilimia 10 ya bidhaa za kushikika, ada ya malipo ni nyongeza juu ya hapo. Kinachobaki kinakwenda kwa anayemiliki ukurasa, ambaye kwa bendi iliyo chini ya lebo anaweza kuwa lebo, kisha wanagawana kwa mkataba wao. Pili ni mafaili: ukishalipa unachagua mwenyewe MP3, FLAC, AAC, Ogg Vorbis, ALAC, WAV au AIFF, na unaweza kurudi baadaye kuchukua jingine bila kulipa tena. Wasiojua huchukua MP3 kwa mazoea. Chukua FLAC kwanza uihifadhi kwenye kadi au diski. MP3 utaitengeneza kutokana nayo ukihitaji, ila FLAC haitengenezwi kutokana na MP3 hata programu ikikudanganya kwamba imeitengeneza. Kosa jingine la kawaida ni kuhukumu ubora kwa kusikiliza kwenye ukurasa kabla ya kununua. Ule ni mtiririko wa MP3 ya 128, umewekwa kwa ajili ya kuonja.

Kuna Ijumaa maalumu ambazo Bandcamp huachia mgawo wake wote kwa wasanii. Zilianza tarehe 20 Machi 2020, wakati wa korona. Kama huna haraka, subiri mojawapo.

Malipo kwa kadi au PayPal. Kwa aliyepo Kenya, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022 kwa ushirikiano na Visa, inafanya kazi. Tanzania mitandao ya simu ina kadi za namna hiyo. Yanayokwama ni haya: nambari ya usalama ya kadi hizi hubadilika na kuisha muda, basi itoe ukiwa tayari upo kwenye ukurasa wa kulipia; bei iko kwa dola au pauni na kiwango cha kubadilishia si kile unachokiona Google, hivyo acha akiba kidogo kwenye akaunti; na kama jina au anwani uliyojaza haifanani na ya kadi, malipo hukataliwa bila maelezo ya maana. Likikataliwa mara mbili, acha, subiri, usiendelee kubonyeza, kwa sababu pesa inaweza kushikiliwa kwa muda kwa kila jaribio.

Toleo la tatu lisisahaulike. Machi 2024 Lenker aliutia wimbo huuhuu kwenye albamu yake binafsi, Bright Future, aliyoitayarisha pamoja na Philip Weinrobe, iliyorekodiwa kwa tepu kwa njia ya analogi. Humo wimbo umevuliwa nguo za roki. Umebaki na mbao, nyuzi na pumzi. Baadhi ya walioilaani singo walihamia huko. Kwa maoni yangu ndilo toleo linaloonyesha jinsi utunzi wenyewe ulivyo imara, lakini halina ile hatari ya watu 4 kuvutana kwenye mdundo mmoja, na hatari hiyo ndiyo iliyonifanya niipende Big Thief. Ukinunua moja tu, nunua singo. Ukinunua mbili, ongeza hili. La televisheni litazame bure.

Santuri ya inchi 7 ina upande wa pili wenye wimbo Born for Loving You, mtulivu zaidi, na kwangu ndio unaofanya santuri iwe na maana. Kabla ya kuagiza, mambo machache. Santuri nyingi za inchi 7 huzunguka mara 45 kwa dakika, na mashine nyingi huachwa kwenye 33⅓. Ukisahau kubadilisha, kila kitu kinashuka kwa zaidi ya toni 2 na nusu na Lenker anaimba kama mjomba wake. Wapo waliolalamika santuri mbovu kumbe ni swichi. Angalia na tundu la katikati: dogo ni la kama milimita 7, kubwa ni la milimita 38 na linahitaji kipande cha plastiki cha kuzibia. Uzito wa sindano ufuate kichwa ulichonacho. Kwa mfano AT-VM95E ya Audio-Technica inataka gramu 2. Ikiwa nyepesi kupita kiasi inaruka kwenye pigo zito la dramu na herufi "s" zinachanika, lakini watu huupunguza uzito, wakidhani nyepesi ndiyo salama kwa santuri. Mashine za bei ya chini za muundo wa sanduku hukandamiza kwa gramu 5 au zaidi, hazirekebishiki, na kwa hizo ningebaki na faili.

Pwani kuna adui mwingine. Santuri ni plastiki ya PVC na joto la ndani ya gari lililofungwa Dar es Salaam au Mombasa mchana linatosha kuikunja. Ihifadhi wima, mbali na dirisha, na jalada la karatasi uliwekee mfuko wa plastiki kwa sababu ya unyevu. Ukungu huanza kwenye karatasi kabla ya kugusa santuri. Kuhusu usafirishaji, santuri ya inchi 7 ina uzito wa kama gramu 40 lakini kifungashio na posta ya kimataifa havijali hilo, na gharama ya kuituma Afrika Mashariki inaweza kuizidi bei ya santuri yenyewe. Juu yake kuna ushuru wa forodha na VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Unganeni watu 3 au 4, agizeni kwa mzigo mmoja kutoka duka moja, na mwombeni muuzaji aweke kadibodi ngumu pande zote mbili. Ikifika imekunjwa kona ya jalada, hilo haliathiri sauti. Ikifika imepinda, iweke juu ya mashine na utazame sindano: ikipanda na kushuka bila kuruka, inapigika.